Karatasi tisa na dawa isiyo yake: Picha ya baba ilivyosafishwa Mombasa

Mombasa. Karatasi zilikuwa tisa. Mzee alizihesabu gizani kwa kupapasa pembe zake, akazirudisha kwenye mfuko wake mweusi, akafunga boksi na kuwasha taa.

"Tisa," akasema. "Na dawa ya karatasi sina, mwanangu. Ninayo ya filamu tu."

Alininyanyulia pakiti ya unga ambayo kijana mmoja anayejifunza upigaji picha alikuwa amemwachia miezi kadhaa nyuma. Juu yake iliandikwa D-76. Hiyo ni dawa maarufu ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe, iliyotoka kwenye maabara za Kodak huko Marekani miaka ya 1920 na inayotumika hadi leo. Kwa kazi niliyoijia, ilikuwa sawa na kumwendea fundi seremala ukakuta ana nyundo lakini hana msumeno.

Nilitoka Tanga alfajiri ile kwa basi, nikavuka mpaka kwa Horohoro na Lunga Lunga, na kitu cha thamani nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja: negatifu ya sentimita sita kwa sita ndani ya bahasha ya kaki. Ni picha pekee iliyobaki ya baba yangu.

Baba alikuwa mfanyakazi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Picha ile alipigwa mwaka 1974 kwenye stesheni ya Mombasa, amevaa sare nyeupe, kofia ameibana kwapani. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, naye akarejea Tanga na sanduku moja. Alifariki mwaka 1982. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka uliofuata.

Picha yenyewe, ile ya karatasi, ilikaa ukutani kwa mama kwa miaka mingi hadi mchwa walipoipandia kwa nyuma, ndani ya fremu, bila mtu kujua. Siku tuliyoishusha ili kupaka chokaa, ilibaki kofia na bega moja. Bahati yetu baba alikuwa mtu wa kutunza vitu. Negatifu tuliikuta kwenye sanduku lake, katikati ya karatasi za kiinua mgongo.

Najua msomaji wa leo atauliza: kwa nini usiipige kwa simu? Niliipiga. Niliiweka negatifu juu ya kioo cheupe cha simu nyingine, nikaipiga, nikaigeuza rangi kwa programu, na baba akatokea. Mama ana presha ya macho. Daktari alishatueleza kwamba uoni uliopotea haurudi na dawa za matone zinachelewesha tu uliobaki. Nikampa simu. Akaisogeza, akaiondoa, akafumba macho. "Mbona anang'aa hivi? Ananiumiza." Nikaenda kuitoa kwenye duka la stesheni na fotokopi, ikatoka na mistari na uso una ukijani. Mama aliishika kwa adabu, akaiweka chini ya mto, hakuizungumzia tena. Wiki moja baadaye akaniambia anataka ile yenyewe, kama iliyokuwa ukutani, kabla macho hayajafunga kabisa.

Ndipo ndugu yetu wa Mombasa akaniambia yupo mzee, fundi wa studio wa zamani, ambaye bado ana mashine ya kukuzia picha na haitumii mara kwa mara. Nilikuwa na ruhusa ya siku tatu kazini. Kuagiza dawa kutoka ng'ambo kungechukua majuma.

"Na fiksa je, mzee wangu?" nikamwuliza.

"Haipo," akajibu.

Nikakaa chini. Mzee akacheka hadi akakohoa, akatoa chini ya meza dumu la lita tano lililojaa. Kumbe "haipo" ndilo jina ambalo mafundi wa enzi zake waliita dawa ya kuidumisha picha isibadilike ikitoka kwenye mwanga, kwa kulifupisha jina la Kiingereza la chumvi inayotumika. Haipo ilikuwapo. Iliyokosekana ni dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha.

Kwa waliozaliwa zama za simu, nieleze kidogo. Filamu na karatasi ya picha nyeusi na nyeupe zote zimepakwa utandu wa jelatini wenye chumvi za fedha. Mwanga ukizigusa chumvi hizo, hakuna kinachoonekana kwa macho, ila chembe zilizoguswa zimeshawekewa alama. Dawa ya kusafishia huzibadilisha chembe hizo kuwa fedha halisi, na fedha iliyosagika hivyo huonekana nyeusi. Haipo huja baadaye kuondoa chumvi ambazo hazikuguswa. Ukiipitisha taa kwenye negatifu ikaangukia karatasi, weusi na weupe hugeuka, na mtu hurudi kuwa mtu.

Kazi ni ile ile, lakini filamu na karatasi si ndugu wa tumbo moja. Filamu ina kasi kubwa na huona rangi zote, kwa hiyo husafishwa katika giza totoro. Karatasi ni nzito wa kuona, nyekundu haiioni kabisa, ndiyo maana fundi hufanya kazi chini ya taa nyekundu na kuitazama picha ikija. Dawa zake nazo zimetengenezwa kwa tabia hizo. Ya filamu ni ya upole, ifanye kazi taratibu kwa dakika saba, nane au kumi, chembe zisivimbe, kwa kuwa negatifu ndogo itakuzwa mara nyingi. Ya karatasi ni kali: picha huanza kuonekana baada ya sekunde kumi na kitu, na baada ya dakika moja na nusu au mbili imekamilika.

"Mtu akikwambia dawa ya filamu haisafishi karatasi," mzee alisema akiukoroga ule unga kwenye maji ya uvuguvugu, "mwambie hajajaribu kusubiri."

Kwa kawaida wapigapicha huizimua D-76 kwa maji kiasi sawa wanaposafisha filamu. Mzee aliiacha nzito. Tena hakuipoza. Kwa filamu tungetafuta barafu ili kuishusha hadi nyuzi 20; maji ya bomba ya Mombasa siku ile yalikuwa nyuzi 28, na kwa karatasi joto hilo lilikuwa upande wetu, maana dawa yenye joto hufanya kazi haraka zaidi.

Karatasi ya kwanza tuliikata vipande sita vya kujaribia. Tukamulika kipande cha kwanza, tukakitia kwenye beseni, mzee akaanza kulitikisa taratibu kwa kuinua ukingo mmoja. Sekunde arobaini, hakuna kitu. Dakika moja, hakuna kitu. Dakika ya pili kikaja kivuli, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Nikanyoosha koleo nikitoe.

Mzee akanishika kifundo cha mkono. "Ukikitoa sasa utapata mabaka. Dawa dhaifu haianzi kila mahali kwa pamoja. Iache ifike."

Hilo ni kosa ambalo aliniambia wanafunzi wote hulifanya. Wakiona dawa inachelewa, huongeza mwanga kwenye mashine ili picha ije upesi, kisha huinyakua karatasi kabla haijakamilika. Wanapata picha yenye madoa ya kijivu na weusi usio mweusi. Mwanga uongezwe kidogo tu, alisema, maana dawa dhaifu hupunguza wepesi wa karatasi, ila saa ndiyo iachwe ifanye kazi. Tulikiacha kipande cha pili dakika sita.

Kilikuja chote, bila mabaka. Lakini kilikuja kama majivu. Sare nyeupe ya baba ilikuwa kijivu, ukuta wa stesheni kijivu, uso kijivu. Tuliitia karatasi nzima, dakika nane, matokeo yale yale na rangi yake ikivutia kwenye ukahawia kidogo. Kwa picha ya mandhari ya mawingu labda ningeipenda. Kwa macho ya mama yaliyobakiwa na uoni mdogo, haikuwa na maana yoyote. Anayeona kwa shida anahitaji weusi uwe mweusi na weupe uwe mweupe.

Zilikuwa zimebaki saba.

Mzee akawasha taa ya kawaida, akashusha daftari lenye jalada la kitambaa na kulifungua kwenye ukurasa uliochakaa. Alikuwa ameandika kwa mkono kanuni mbili, moja kando ya nyingine. Si siri za mtu, ni kanuni zilizochapishwa tangu zamani. D-76, kwa lita moja: metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, hidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Upande wa pili D-72, dawa ya karatasi ya kampuni ile ile: metoli gramu 3, salfaiti gramu 45, hidrokwinoni gramu 12, kabonati ya sodiamu gramu 67 na nusu, na bromidi ya potasiamu karibu gramu 2, hii ya pili huzimuliwa kwa maji mara mbili yake kabla ya kutumiwa.

"Soma unieleze umeona nini," akasema, kama mwalimu.

Nilisoma. Wafanyakazi ni wale wale wawili, metoli na hidrokwinoni. Salfaiti, inayozuia dawa isiharibiwe na hewa, ipo kote, ila kwenye filamu imezidishwa ili ilambelambe chembe na kuzilainisha. Kilichobadilika hasa ni mstari wa nne. Upande wa filamu ni boraksi gramu 2, alkali ya upole. Upande wa karatasi ni magadi gramu 67.

Hapo ndipo penyewe. Metoli huanza kazi mapema na hutoa picha laini, hata katika alkali ndogo. Hidrokwinoni ndiyo inayotoa weusi mzito, lakini ni mvivu. Bila alkali ya kutosha hukaa pembeni ikimsaidia mwenzake tu. Ukiipa magadi, inaamka. Kwa hiyo ndani ya beseni letu kulikuwa na mfanyakazi mzima ambaye hatujampa chakula.

Nilitoka mbio hadi sokoni, nikarudi na mawe ya magadi ya kupikia maharage kwenye kipande cha gazeti. Mzee akayatazama, akayanusa. "Haya ni ya mama kwa jikoni." Magadi ya sokoni huchotwa kwenye maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, na ni mchanganyiko wa kabonati na bikabonati, pamoja na udongo, chumvi na vingine. Yangetia uchafu kwenye karatasi tusizoweza kuzirudia. Akanituma tena, safari hii duka la jirani, nikalete baking poda? Hapana, akasisitiza mara mbili: bikabonati tupu ya kuokea, isiyochanganywa na wanga. Na kama muuza sabuni akinipa kostiki nisiipokee, maana hiyo inachoma ngozi na macho.

Tuliukaanga ule unga kwenye sufuria kavu juu ya moto, tukiukoroga. Baada ya muda ukaanza kutokota kama uji ingawa hakukuwa na tone la maji tuliloliweka. Ni hewa ya ukaa na mvuke vinavyotoka. Ukitulia, uliobaki ni kabonati, na uzito wake umeshuka hadi karibu theluthi mbili ya ulivyokuwa. Kiwandani hufanya jambo lile lile kwa tani. Mawe yanayochimbwa Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, huchomwa hivyo ili kupata magadi safi ya viwanda vya vioo na sabuni, nayo hushushwa kwa reli kupitia Konza hadi bandari ya Mombasa. Baba lazima aliyaona mabehewa hayo yakipita. Sitaki kulifanya hilo kuwa muujiza, kwani yetu tuliyanunua dukani yakiwa na picha ya keki kwenye pakiti. Lakini nililifikiria nikiwa nimeshika mwiko.

Mzee alipima gramu 40 kwa lita, akaziyeyusha kwanza kwenye maji kidogo pembeni, kwa kuwa magadi makavu hupasha maji na huganda yakimwagwa yote kwa pamoja, kisha akazitia kwenye dawa. Kipande kipya cha kujaribia kilianza kuonyesha uso baada ya sekunde ishirini na kidogo. Nilipiga kelele. Yeye alinyamaza, akaendelea kutikisa beseni hadi dakika ya tatu.

Weusi ulikuja. Kofia ilikuwa nyeusi, viatu vyeusi. Lakini kingo za karatasi, ambazo hazikuguswa na mwanga na zilipaswa kuwa nyeupe, nazo zilikuwa zimeingia kijivu. Ni ukungu wa uzee. Karatasi iliyokaa miaka mingi huwa na chembe zinazojibadili zenyewe hata bila kumulikwa, na dawa kali huziamsha pamoja na nyingine. Hiyo ndiyo sababu ya ule mstari wa mwisho kwenye daftari, bromidi. Huzishika breki chembe ambazo hazikuonja mwanga na kuziacha zilizoonja ziende. Mzee alikuwa nayo ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi, kijiko kimoja hivi. Akatia kiasi cha ncha ya kisu, akajaribu, akaongeza tena.

Karatasi ya tatu ilitoka nyeusi kupita kiasi kwa sababu ya haraka yangu kwenye mashine. Ya nne ikatoka vizuri.

Nasema vizuri, si kamili. Hidrokwinoni iliyomo kwenye D-76 ni gramu 5, haizidi, na magadi hayawezi kuongeza ambacho hakikuwekwa. Ukiweka picha ile kando ya iliyosafishwa kwa dawa yake hasa, macho ya fundi yataona kwamba weusi wetu una upole fulani. Mzee aliniambia hivyo bila kuulizwa. Mimi nilimwona baba ananitazama.

Kulikuwa na tatizo moja. Shavu la kushoto lilikuwa zito, na kivuli chake hakikulingana na cha kulia. "Mabaka," nikasema. Mzee akainama na miwani yake, akakubali kwamba huenda ni mabaka. Tukarudia karatasi ya tano tukitikisa beseni zaidi. Shavu lile lile. Tukaisafisha negatifu kwa brashi laini, tukatoa ya sita. Lile lile. "Basi tuache," mzee akasema. "Karatasi za kuchezea hatuna."

Karatasi zake zilikuwa za aina ya zamani, zisizo na plastiki, ambazo huhitaji kuoshwa kwenye maji yanayotembea kwa karibu saa nzima ili haipo yote itoke. Ikibaki, baada ya miaka picha hugeuka manjano. Zile zenye plastiki dakika chache zinatosha. Tukaketi uani na chai ya tangawizi kusubiri.

Aliniambia mchezo huu wa kubadilishana dawa haukuwa wa ajabu zamani. Wapigapicha wa magazeti walifanya kinyume chake: filamu waliitupa kwenye dawa ya karatasi, ikawa tayari kwa dakika chache, yenye chembe nene kama mchanga, lakini gazeti likaenda mitamboni kwa wakati. Na studio ndogo za Pwani na bara zilinunua dawa moja ya kazi zote. Kwa kuona kwangu, utaalamu wa studio hizo hatujaupa heshima yake. Tunazungumza juu ya sura zilizo kwenye picha, hatuzungumzi juu ya mtu aliyesimama gizani na beseni. Unguja ipo Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na wageni humiminika kutazama picha zake. Kampala, mwaka 2015, yaligunduliwa kwenye makabati ya shirika la utangazaji la Uganda mabunda ya negatifu zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin, na baadhi zikaonyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Negatifu zilizosafishwa sawasawa zilikaa miongo minne zikisubiri mtu wa kuzitazama. Kila mji wa ukanda huu una makabati madogo ya namna hiyo, chini ya vitanda, kwenye masanduku kama la baba.

Vifaa ndivyo vinavyoadimika. Kodak iliacha kutengeneza karatasi nyeusi na nyeupe mwaka 2005. Ilford ya Uingereza na Foma ya Jamhuri ya Cheki bado wanatengeneza, na anayetaka huagiza. Nilimwuliza mzee kama ningemshauri msomaji atumie dawa ya filamu kwenye karatasi.

"Kama ya karatasi ipo, atumie ya karatasi. Kuna faida gani kujitesa?" Akanywa chai. "Kama haipo, na safari hii nasema haipo kweli, basi atumie hii. Ajue tu anachokosa."

Akanipa na masharti, niyaandike. Dawa iliyotiwa magadi haikai. Itumike siku hiyo hiyo, kwani hewa huila upesi. Dawa iliyokwisha kupitishiwa karatasi isirudishwe kwenye filamu hata kama inaonekana safi, maana imebeba bromidi na uchafu mwingine, na filamu haina karatasi ya pili. Mikono isiingie kwenye beseni; metoli huwatoa baadhi ya watu upele usiokwisha, na yeye mwenyewe alinionyesha vidole vilivyobabuka miaka hiyo ambayo hakuna aliyewaambia wavae glavu. Haipo iliyotumika ina fedha ndani yake, isimwagwe mtaroni. Na usisahau siki iliyozimuliwa, au hata maji safi, kati ya dawa ya kwanza na haipo, ili moja isiiharibu nyingine.

Karatasi tatu zilizobaki nilizikataa. Mzee alisema atazitunza, wapo wengine watakaokuja na haraka. Pesa alikubali ya dawa na ya maji tu. Nilimwachia hata hivyo noti chini ya kikombe, kama nilivyofundishwa.

Nilifika Tanga usiku wa siku ya pili, picha mbili zimelala katikati ya daftari, zimekunjamana kidogo pembeni kama zifanyavyo karatasi za aina ile zikikauka. Ile ya nne na ile ya sita. Asubuhi nikambebea mama kiti hadi mlangoni kunako mwanga, nikampa, na kabla hajasema chochote nikaanza kujitetea. Nikamwambia dawa haikuwa yake, tumelazimisha, ndiyo maana shavu la kushoto limeingia madoa, asilijali.

Mama aliisogeza karibu sana na jicho la kulia, lile lenye nafuu. Akakaa nayo muda mrefu. Kisha akapitisha kidole kwenye shavu.

"Madoa gani?" akasema. "Siku hiyo jino lilikuwa linamsumbua. Alikuwa amevimba. Nilimwambia asipige picha, akakataa."